Miaka Mingapi ya Faida Unanunua?

Kibanda cha soko la Gikomba jijini Nairobi hakinunuliwi kwa bei ya mbao na mabati yake. Anayetaka nafasi nzuri, ile inayotazama njia ambako wateja wa mitumba hupita tangu alfajiri, hulipa gudwili, na gudwili hupangwa kwa kuangalia kibanda kinaingiza nini. Tuseme kinaleta faida ya shilingi 200,000 kwa mwaka baada ya gharama zote, na mwenyewe anataka gudwili ya shilingi 600,000. Mnunuzi analipa leo faida ya miaka mitatu. Mwenyewe akidai milioni moja, mnunuzi analipa ya miaka mitano. Uwiano wa bei kwa faida katika soko la hisa ni hesabu hiyohiyo: chukua bei ya hisa moja, igawe kwa faida ambayo kila hisa imepata katika mwaka, na jibu ni idadi ya miaka ya faida unayoilipia sasa hivi.

Msimamo wangu ni kwamba nambari hiyo ikisomwa kwa siku moja tu haimsaidii sana mwekezaji, na mara nyingi humpoteza. Huanza kuwa na maana inapopangwa mwaka baada ya mwaka kwa kampuni ileile, kando yake ikiwekwa faida ya kila mwaka na riba ambayo serikali inawalipa wanaoikopesha. Wakenya wengi walioingia soko la hisa tangu kampuni ya umeme ya KenGen ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2006 wamefuata bei peke yake. Ikipanda, wanaamini kampuni inakua. Ikishuka, wanaamini inakufa. Mara nyingi kampuni yenyewe haikukua wala haikufa, na waliobadilika ni wanunuzi.

Bei ya hisa ni zao la vitu viwili: faida kwa kila hisa, na uwiano ambao soko limekubali kulipa juu ya faida hiyo. Faida hutoka ndani ya kampuni, kwenye mauzo, gharama, madeni na kodi. Uwiano hutoka kwa wanunuzi, na husukumwa na mambo matatu. La kwanza ni matumaini ya ukuaji: anayeamini kwamba faida itaongezeka maradufu yuko tayari kulipia miaka mingi zaidi. La pili ni hatari. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15 Gikomba, na soko hilo limeungua mara nyingi kabla na baada ya hapo. Kibanda ambacho hakikuguswa na moto, chenye wateja walewale na faida ileile, kinaweza kushuka gudwili kwa sababu mnunuzi hana hakika kama kitakuwa kimesimama miaka mitano ijayo. Daftari la mauzo halijapungua, ila miaka ambayo mtu yuko tayari kuilipia imepungua.

Jambo la tatu, ambalo wawekezaji wadogo hulisahau kuliko yote, ni riba. Ukigawa moja kwa uwiano, unapata asilimia ya faida kwa kila shilingi uliyotoa. Hisa yenye uwiano wa 20 inakupa faida ya asilimia 5 kwa mwaka, na yenye uwiano wa 8 inakupa asilimia 12.5. Februari 2024, Benki Kuu ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Mtu mwenye akiba anapopewa asilimia 18 na serikali, atakubali vipi asilimia 5 kutoka kwa kampuni ambayo inaweza kupata hasara mwakani? Hakubali, labda awe na imani kubwa sana kwamba faida itakua. Kwa hiyo riba ya serikali ikipanda, uwiano wa karibu kila hisa hushuka, hata ya kampuni iliyofanya kazi nzuri mwaka mzima. Riba ikishuka, uwiano hupanda, hata wa kampuni iliyolala.

Safaricom kwa kipimo cha miaka

Hakuna kampuni inayofunza somo hili vizuri zaidi ya Safaricom, kampuni ya simu, kwa sababu hisa zake zimekuwa karibu bilioni 40 tangu siku ya kwanza sokoni, na hivyo hesabu haichafuki. Mwaka 2008 serikali iliuza asilimia 25 ya kampuni kwa shilingi 5 kila hisa, na mamia ya maelfu ya watu wakapanga foleni, wengine kwa pesa za mkopo. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2008 ilikuwa shilingi bilioni 13.85, sawa na senti 35 kwa hisa. Walionunua kwa 5 walilipia faida ya miaka 14. Hisa zilipoanza kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi mwezi Juni, bei ilivuka shilingi 7, na waliokimbilia wakati huo walilipia miaka 20.

Mwaka uliofuata faida ilishuka hadi takriban bilioni 10.5. Kufikia mwisho wa 2011 hisa ilikuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 3, na wengi waliitupa wakiapa kwamba hawatarudi. Lakini faida ya mwaka ulioishia Machi 2011 ilikuwa takriban bilioni 13.2, karibu sawa na ile ya 2008. Kampuni ilikuwa palepale. Uwiano ndio ulioporomoka, kutoka 14 hadi 9. Aliyetazama bei aliona hasara ya asilimia 40. Aliyetazama uwiano kwa miaka aliona kampuni ileile, ikiwa na faida ileile na M-Pesa inayoenea kila mtaa, ikiuzwa kwa miaka mitano pungufu.

Sasa rukia Machi 2020. Faida ya mwaka huo ilifika bilioni 73.7, sawa na shilingi 1.84 kwa hisa, na bei ilikuwa takriban shilingi 26. Gawanya: uwiano ni 14, sawasawa na wa siku ya kuuza hisa kwa umma mwaka 2008. Bei ilikuwa imepanda mara tano na uwiano haukuwa umesogea hata kidogo. Ukuaji wote wa bei katika miaka hiyo 12 ulitoka kwenye faida. Aliyesema mwaka 2020 kwamba Safaricom ni ghali kwa sababu iliwahi kuuzwa kwa 5 alikuwa amekosea: kwa kila shilingi ya faida, bei ilikuwa ileile.

Linganisha na kilichofuata. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2021 ilipungua hadi bilioni 68.7, yaani shilingi 1.71 kwa hisa. Bei haikupungua pamoja nayo. Mwezi Mei kampuni na washirika wake walipewa leseni ya mawasiliano ya simu nchini Ethiopia, na kufikia Agosti 2021 hisa ilikuwa karibu shilingi 45. Uwiano ulikuwa 26. Huu ndio wakati ambapo mstari wa miaka ungemwokoa mtu. Bei ilikuwa imepanda kwa zaidi ya asilimia 70 tangu Machi 2020, ilhali faida ilikuwa imeshuka. Kupanda kote kulikuwa kupanda kwa uwiano, na uwiano ni ahadi ambayo soko linaweza kuivunja wakati wowote.

Iliyoivunja haikuwa Safaricom peke yake. Mwaka 2022 na 2023 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kwa kasi, wawekezaji wa nje wakauza hisa zao za Nairobi, shilingi ikadhoofika hadi takriban 160 kwa dola Januari 2024, na riba ya serikali yetu ikapanda. Gharama za kuanza kazi Ethiopia nazo zikaingia kwenye vitabu. Mwishoni mwa 2023 hisa ilikuwa imewahi kuuzwa kwa takriban shilingi 12. Faida iliyowaangukia wenye hisa wa Safaricom kwa mwaka ulioishia Machi 2023 ilikuwa takriban shilingi 1.55 kwa hisa. Pima kutoka kilele cha 2021: faida kwa hisa ilikuwa imeshuka kwa chini ya asilimia 10, bei kwa zaidi ya asilimia 70. Uwiano ulikuwa umetoka 26 hadi 8.

Halafu upepo ukageuka. Riba ya dhamana za serikali za siku 91 ilishuka kutoka zaidi ya asilimia 16 mapema 2024 hadi karibu 8 katikati ya 2025, na kufikia Agosti 2025 hisa ya Safaricom ilikuwa imevuka shilingi 25. Bei ilikuwa imepanda maradufu, ilhali faida kwa hisa, shilingi 1.74 kwa mwaka ulioishia Machi 2025, ilikuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 12 tu. Sehemu kubwa ya furaha ya wenye hisa mwaka huo ilitoka kwenye riba. Ni furaha halali, lakini anayedhani imetokana na ukuaji wa kampuni atapigwa na butwaa riba itakapopanda tena.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni kuamini kwamba hisa yenye bei ndogo ni rahisi. Mwisho wa 2023, hisa ya BAT Kenya ilikuwa takriban shilingi 400 na ya Safaricom karibu 14. Chama chenye shilingi 40,000 kingeona kwamba kwa BAT kinapata hisa 100 tu, na kwa Safaricom karibu hisa 2,900. Lakini BAT ilipata faida ya zaidi ya shilingi 55 kwa hisa mwaka huo, kwa hiyo uwiano wake ulikuwa 7, na wa Safaricom 9. Kwa kila shilingi ya faida, hisa ya 400 ilikuwa nafuu kuliko ya 14. Idadi ya hisa mkononi haikuongezei utajiri.

Kosa la pili ni kinyume chake: kuamini kwamba uwiano mdogo ni nafuu daima. Kenya Airways ilipata faida ya takriban bilioni 3.5 kwa mwaka ulioishia Machi 2011, zaidi ya shilingi 7 kwa hisa. Mwishoni mwa mwaka huo hisa yake ilikuwa kwenye shilingi ishirini na kitu, uwiano wa takriban 3. Wengi waliona dhahabu. Mwaka uliofuata faida ilipungua kwa nusu, na kampuni ikauza hisa mpya kwa shilingi 14. Kufikia Machi 2013 ilikuwa na hasara ya karibu bilioni 8, na Machi 2015 hasara ya bilioni 25.7, ya kutisha kuliko zote zilizowahi kutangazwa nchini wakati huo. Julai 2020 hisa zake zilisimamishwa kuuzwa, na hazikurudi sokoni hadi Januari 2025. Uwiano wa 3 ulitokana na soko kutoiamini faida iliyokuwa kwenye vitabu, na soko lilikuwa sahihi.

Weka hilo kando ya KCB. Mwisho wa 2023 benki hiyo ilikuwa na uwiano wa takriban 2: bei ya karibu shilingi 22, faida ya zaidi ya shilingi 11 kwa hisa. Mikopo mibaya ilikuwa imeila faida yake, na kwa mwaka huo haikutoa mgao kwa wenye hisa. Mwaka 2024 faida yake ilipanda kutoka bilioni 37.5 hadi 61.8, mgao ukarudi, na bei ikakaribia kuongezeka maradufu. Kampuni mbili, zote zenye uwiano mdogo, mwisho tofauti kabisa. Uwiano mdogo huuliza swali moja tu: je, faida hii itaendelea? Jibu lake limo kwenye madeni, kwenye pesa taslimu zinazoingia na kwenye mwelekeo wa faida ya miaka kadhaa. Kenya Airways ilikuwa ikinunua ndege kwa mikopo ya dola huku faida ikishuka. KCB ilikuwa imetenga pesa za kufidia mikopo mibaya, lakini biashara yake ya msingi ya riba ilikuwa inaendelea kuingiza.

Kosa la tatu ni kudhani faida ni nambari moja. Safaricom ilipotangaza matokeo ya mwaka ulioishia Machi 2024, faida ya kundi zima ilikuwa takriban bilioni 42.7. Lakini sehemu ya hasara ya Ethiopia ni ya washirika wengine walioweka mtaji huko, kwa hiyo faida ya wenye hisa wa Safaricom yenyewe ilikuwa takriban bilioni 63. Kwa bei ya takriban shilingi 17 ya wakati huo, anayetumia nambari ya kwanza anapata uwiano wa 16, na anayetumia ya pili anapata 11. Watu wawili wanaweza kubishana mchana kutwa juu ya uwiano wa hisa moja na wote wakawa wamegawanya sawasawa. Nashauri itumiwe faida ya wenye hisa wa kampuni, na njia hiyohiyo ifuatwe kila mwaka bila kubadilisha.

Kosa la nne ni kulinganisha bei ya leo na ya zamani bila kuuliza hisa ni ngapi. KenGen iliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.90 mwaka 2006, na katika miaka ya karibuni imewahi kuuzwa kwa takriban shilingi 2. Ni hasara ya kweli kwa aliyeshikilia. Lakini hisa zake ziliongezeka kutoka takriban bilioni 2.2 hadi zaidi ya bilioni 6 baada ya kuuza hisa mpya mwaka 2016, kwa hiyo faida ileile inagawanywa kwa hisa nyingi zaidi. Benki ya Equity nayo iligawa kila hisa yake kuwa 10 mwaka 2009. Asiyerekebisha mstari wake wa miaka kwa mambo kama haya atachora picha ya kampuni ambayo haikuwahi kuwepo.

Kosa la tano huonekana mara chache lakini ni la hatari: kukimbia uwiano mkubwa bila kuuliza umetoka wapi. Uwiano unaweza kuwa mkubwa kwa sababu bei imepaa, kama Safaricom ya 2021. Unaweza pia kuwa mkubwa kwa sababu faida imeanguka kwa mwaka mmoja mbaya huku bei ikisubiri irudi. Hali ya kwanza ni onyo, ya pili inaweza kuwa nafasi. Benjamin Graham na David Dodd waliliona tatizo hili mwaka 1934, baada ya soko la Marekani kuporomoka, wakashauri bei igawanywe kwa wastani wa faida ya miaka mitano, saba au hata kumi badala ya mwaka mmoja. Mwanauchumi Robert Shiller, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2013, alikuza wazo hilo kwa soko zima, akitumia wastani wa miaka kumi uliorekebishwa kwa mfumuko wa bei. Kwetu sisi, ambao tumepitia uchaguzi wa vurugu, ukame, Korona na shilingi iliyoyumba katika kizazi kimoja, kutegemea faida ya mwaka mmoja ni kujidanganya.

La kufanya

Dawa haihitaji kompyuta. Inahitaji daftari, kama lile ambalo mwenye kibanda anaandikia mauzo. Kwa kila kampuni unayoifikiria, andika miaka kumi kwa mistari. Kwenye kila mstari weka faida kwa kila hisa, bei ya siku matokeo yalipotangazwa, uwiano, mgao uliolipwa, na riba ya dhamana ya serikali ya siku 364 kwa wakati huo. Ongeza uwiano wa pili unaotumia wastani wa faida ya miaka mitano. Halafu, kabla ya kununua au kuuza, jibu maswali mawili kwa maandishi. Bei ilipobadilika, ni kiasi gani kilitoka kwenye faida na kiasi gani kwenye uwiano? Na uwiano wa leo uko wapi ukilinganishwa na wa miaka kumi ya kampuni hii, si na wa kampuni jirani, wala wa Marekani? Ukiwa juu sana ya kawaida yake, kuna ahadi unayoinunua, nayo lazima uweze kuitaja. Ukiwa chini sana, kuna hofu, nayo pia lazima uweze kuitaja. Usipoweza kuitaja, usinunue.

Taasisi nazo zina wajibu. Mwaka 2025 Soko la Hisa la Nairobi liliondoa sharti la kununua angalau hisa 100, na sasa mtu anaweza kununua hata hisa moja. Ni hatua njema, na itawaleta wachuuzi na vijana wengi wa Eastlands. Lakini mlango umepanuliwa kabla taa haijawashwa. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji izitake kampuni zichapishe, ndani ya matokeo ya kila mwaka, jedwali la miaka kumi la faida kwa hisa lililorekebishwa kwa hisa mpya na zilizogawanywa, na kwa Kiswahili pia. Madalali wa hisa nao waonyeshe kwenye programu zao za simu mstari wa uwiano kwa miaka, badala ya mshale mmoja wa kijani au mwekundu unaowasha tamaa na hofu.

Umuhimu wa hesabu hii si kwa wenye hisa peke yao. Desemba 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuiuzia kampuni ya simu ya Vodacom asilimia 15 ya Safaricom kwa shilingi 34 kila hisa, jumla ya takriban bilioni 204. Upande mmoja ulisema bei ni nzuri kwa sababu iko juu ya ile ya soko, upande mwingine ukasema ni mbaya kwa sababu hisa iliwahi kufika 45. Vyote viwili ni vipimo dhaifu. Kwa faida ya mwaka ulioishia Machi 2025, shilingi 34 ni uwiano wa 19 na nusu: juu ya 14 ya mwaka 2008 na 2020, chini ya 26 ya mwaka 2021. Basi swali la haki ni hili: hasara ya Ethiopia itakapopungua na faida ikaongezeka, tutakuwa tumeuza miaka mingapi ya faida, na pesa tulizopewa zitatuingizia kiasi gani kwa mwaka? Hisa hizo ni mali ya umma, pamoja na kila mchuuzi wa Gikomba anayelipwa kwa simu na kukatwa ada. Wabunge na mawaziri wanaozungumzia bei ya hisa hizo waitwe kujibu kwa hesabu hiyo, mbele ya wananchi, kila mara hisa ya umma inapotakiwa kuuzwa.